Kibao Kikubwa Kilichokosekana: Jinsi ya Kuisoma Albamu ya Cat Stevens ya 1975

Mwaka 1975 ilitoka albamu ya mkusanyiko ya Cat Stevens, mwimbaji na mtunzi wa London, ikiitwa Greatest Hits. Ina nyimbo 12, na nchini Marekani peke yake ilitambuliwa rasmi kwa mauzo ya nakala milioni 4. Kwa wasikilizaji wengi huyo ndiye Cat Stevens mzima: gitaa kavu, sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo, nyimbo fupi zinazouliza maswali mazito kwa maneno ya kila siku.

Ipitie orodha yake taratibu. Matthew and Son haumo. Huo ndio wimbo wake uliopanda juu kuliko wote katika chati za Uingereza. Ulishika nafasi ya 2 mwanzoni mwa 1967. I'm Gonna Get Me a Gun, uliofika nafasi ya 6 mwaka huohuo, nao haumo. Hakuna I Love My Dog, singo yake ya kwanza, yaani santuri yake ya kwanza ya wimbo mmoja. Hakuna The First Cut Is the Deepest, utungo wake uliopandishwa chati na P.P. Arnold mwaka 1967, ukafikishwa namba moja Uingereza na Rod Stewart mwaka 1977, kisha ukarudi tena kwa sauti ya Sheryl Crow mwaka 2003. Albamu inajitangaza kuwa ni ya vibao vikubwa, na kibao kikubwa kupita vyote hakimo.

Hakuna aliyesahau. Jambo hili lina sababu, na ukizifuata sababu zake utaelewa mengi kuhusu muziki wa kizazi kile, kuhusu nani humiliki wimbo, na kuhusu mtu mmoja aliyeacha muziki akiwa kileleni huku rekodi zake zikiendelea kuuzwa bila yeye. Albamu ya mkusanyiko huchorwa na mikataba na masoko kabla ya kuchorwa na masikio ya mtu yeyote. Kwa msanii wa kawaida hilo halina madhara makubwa, maana mwaka unaofuata atatoa kazi mpya na kujisahihisha. Cat Stevens alinyamaza miaka mingi sana, na mkusanyiko ukabaki ndio unaomsemea.

Mwenye wimbo na mwenye sauti

Tuanze na fundo la kwanza, kwa sababu bila kulifungua hili mengine hayaeleweki. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili zinazokaa bega kwa bega. Ya kwanza ni haki ya utungo: mashairi na mahadhi. Ya pili ni haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio siku fulani, ambayo wanamuziki huiita masta. Mpenzi wa taarabu atalielewa upesi, kwa sababu kwetu pia mshairi ni mmoja, mwimbaji ni mwingine, na mwenye kanda ni wa tatu. Mshairi akiwapa wimbo waimbaji wawili, utungo unabaki mmoja lakini masta zinakuwa mbili, zenye wenyewe tofauti.

Katika biashara ya muziki ya Uingereza ya miaka ya 1960, kampuni ya kurekodi ndiyo iliyolipia studio, wapigaji na uchapaji wa santuri, na kwa malipo hayo masta ikawa mali yake. Msanii alipata mrabaha, yaani asilimia ya mauzo, lakini hakuwa na neno juu ya wapi rekodi hiyo ichapwe tena au iwekwe pamoja na nyimbo gani.

Cat Stevens alizaliwa London tarehe 21 Julai 1948, jina lake la kuzaliwa Steven Demetre Georgiou. Baba yake alikuwa Mgiriki wa Cyprus, mama yake Mswidi, na familia iliendesha mgahawa uitwao Moulin Rouge upande wa Shaftesbury Avenue, katikati ya kumbi za maonyesho, ikiishi juu yake. Alisoma kidogo sanaa ya uchoraji Hammersmith. Mwaka 1966, akiwa kijana wa miaka 18, alisaini na Deram, tawi jipya la kampuni kongwe ya Decca. Mtayarishaji wake, Mike Hurst, alimvisha mavazi ya pop ya wakati ule: tarumbeta, vinanda vya nyuzi, ngoma kubwa. Hapo ndipo Matthew and Son, wimbo kuhusu wafanyakazi wanaomalizwa na kazi ya ofisi, ulipotoka. Mwaka 1967 alizunguka Uingereza katika ziara moja na Walker Brothers, Engelbert Humperdinck na Jimi Hendrix, mchanganyiko ambao leo ni vigumu hata kuuwaza.

Kisha mwili ukagoma. Mwaka 1968 aliugua kifua kikuu, akalazwa miezi kadhaa Midhurst, kusini mwa Uingereza, na kupona kukamchukua muda mrefu zaidi. Kitandani alisoma vitabu vya dini na falsafa za Mashariki, akafuga ndevu, akatunga nyimbo kwa makumi. Nyimbo hizo hazikuhitaji tarumbeta. Alipopona aliachana na Decca akaenda Island Records ya Chris Blackwell, mtu aliyekulia Jamaica na ambaye baadaye angewatambulisha Bob Marley na wenzake kwa dunia. Mtayarishaji mpya alikuwa Paul Samwell-Smith, aliyewahi kupiga besi katika bendi ya Yardbirds, na mpiga gitaa wa pili alikuwa Alun Davies. Watu hao watatu, wakiwa na magitaa mawili na nafasi nyingi ya kimya kati ya noti, ndio waliotengeneza sauti tunayoijua.

Sasa jibu la fumbo letu liko wazi. Mwaka 1975 masta ya Matthew and Son ilikuwa ya Decca. Greatest Hits ilikuwa bidhaa ya Island nchini Uingereza na ya kampuni ya A&M nchini Marekani. Wapinzani wawili wa biashara hawakuwa na sababu ya kupeana mali. Decca nayo haikulala: Stevens alipoanza kutamba upya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitoa mkusanyiko wake yenyewe wa nyimbo za zamani, Very Young and Early Songs, ili kunufaika na jina lililokuwa likikuzwa na kampuni nyingine. Kwa hiyo mtu yuleyule aligawanyika madukani. Yule wa miaka 18 alikuwa na mwenyewe, na yule wa miaka 22 alikuwa na mwenyewe mwingine.

Haki ya utungo ilifuata njia yake. Rod Stewart alipoimba The First Cut Is the Deepest, Decca haikuhusika hata kidogo, kwa kuwa masta ya zamani haikuguswa. Aliyestahili mrabaha ni mtunzi na mchapishaji wa tungo zake. Ndiyo maana wimbo unaweza kukosekana katika mkusanyiko wa mtunzi wake na bado ukawa unamwingizia fedha kutoka kwa mdomo wa mtu mwingine.

Nyimbo 12, zimetoka wapi?

Hapa nataka kukaa, maana ndipo utamu wa jambo ulipo.

Nyimbo tatu zimetoka katika Tea for the Tillerman ya 1970: Wild World, Hard Headed Woman na Father and Son. Tatu nyingine katika Teaser and the Firecat ya 1971: Moonshadow, Peace Train na Morning Has Broken. Catch Bull at Four ya 1972 imetoa mbili, Can't Keep It In na Sitting. Buddha and the Chocolate Box ya 1974 imetoa Oh Very Young na Ready. Zilizobaki ni Another Saturday Night, iliyotoka kama singo mwaka 1974, na Two Fine People, wimbo mpya uliotiwa ili hata mwenye santuri zote za awali awe na sababu ya kununua hii. Mbinu hiyo ya kutia wimbo mmoja mpya katika mkusanyiko wa zamani inatumika hadi leo.

Utaona kwamba albamu mbili za kipindi hichohicho cha Island hazikutoa hata wimbo mmoja. Ya kwanza ni Mona Bone Jakon ya 1970, albamu yake ya kwanza baada ya kuugua. Hiyo ndiyo yenye Lady D'Arbanville, wimbo aliouandika kuhusu mpenzi wake Patti D'Arbanville, uliofika nafasi ya 8 Uingereza. Masta ilikuwa ya Island, hivyo kisingizio cha Decca hakipo. Nionavyo mimi, soko la Marekani ndilo lililoamua. Huko wimbo huo haukutamba, na huko ndiko santuri nyingi zilikotarajiwa kuuzwa. Jambo hili linaonekana hata kwa upande wa pili: Wild World, unaofungua mkusanyiko, haukuwahi kutolewa na Stevens kama singo nchini Uingereza. Aliyeupeleka katika chati za Uingereza mwaka 1970 ni Jimmy Cliff, msanii mwenzake wa Island, na mwaka 1988 Maxi Priest akaupa maisha mapya ya reggae. Wapo mashabiki wa reggae Afrika Mashariki wanaoujua Wild World neno kwa neno na hawajawahi kusikia sauti ya aliyeutunga. Kwa Marekani, toleo la Stevens mwenyewe lilifika nafasi ya 11.

Albamu ya pili iliyoachwa kabisa ni Foreigner ya 1973, na kuachwa kwake kunaniuma. Stevens alikuwa amechoka kusikia wanamuziki wengine wakiiga sauti yake, akaamua kuivunja. Alimwacha Samwell-Smith pembeni, akaenda Kingston, Jamaica, akawa mtayarishaji wake mwenyewe na kuuelekea muziki wa soul wa Wamarekani weusi aliokuwa akiusikiliza. Upande mzima wa kwanza wa santuri ni utungo mmoja wa takriban dakika 18, Foreigner Suite. Hakuna mkusanyiko wa vibao unaoweza kubeba kitu cha namna hiyo. Kigezo cha kibao ni dakika tatu au nne za redio, na msanii anapojaribu jambo kubwa kuliko hapo, kigezo chenyewe kinamfuta. Asiyejua atadhani mwaka 1973 Cat Stevens alikuwa likizo.

Vilevile nyimbo za safari yake ya ndani zimepungua sana. On the Road to Find Out, ambao kwa maoni yangu ndio ufunguo wa maisha yake yote, haumo. The Wind, wimbo usiofika hata dakika mbili kuhusu kuachia nafsi iongozwe, haumo. Where Do the Children Play?, unaouliza miji na viwanda vinawaachia nini watoto, haumo. Hazikuwa singo kubwa, basi. Lakini bila hizo, mtu anayekuja kusikia kwamba miaka miwili baadaye mwimbaji huyu alisilimu ataona kama radi imepiga mchana wa jua. Msikilizaji wa albamu nzima nzima hakushangaa hivyo. Alikuwa amesikia swali likiulizwa tangu 1970.

Jambo jingine linalopotea ni picha. Stevens, mwanafunzi wa zamani wa uchoraji, alichora kwa mkono wake majalada ya Mona Bone Jakon, Tea for the Tillerman na Teaser and the Firecat. Kila albamu ilikuwa kitu kimoja, nyimbo na mchoro. Wimbo ukikatwa na kuhamishiwa kwingine unaacha nyumba yake nyuma.

Chukua Father and Son. Utungo huo ulianza kama sehemu ya mchezo wa jukwaani wa muziki kuhusu Mapinduzi ya Urusi: baba mkulima anamsihi mwanawe abaki nyumbani, kijana anataka kwenda kujiunga na mapinduzi. Mchezo haukukamilika, ugonjwa ukaingilia, wimbo ukabaki peke yake. Stevens anaimba nafsi zote mbili, baba kwa sauti ya chini, mwana kwa sauti ya juu. Ukiujua mwanzo huo, ubishi wa kifamilia unapata uzito mwingine, maana kijana haondoki kwa sababu ya hasira tu. Kuna historia inamwita.

Na kuna ukweli mmoja mdogo kuhusu hizi nyimbo 12 ambao wengi hawaujui: mbili si zake. Another Saturday Night ni utungo wa Sam Cooke. Morning Has Broken ni wimbo wa kanisani. Maneno ni ya mwandishi Eleanor Farjeon, yaliyochapwa 1931, na mahadhi ni ya kale ya Uskoti, yanayoitwa Bunessan kwa jina la kijiji kilichopo kisiwa cha Mull. Kinanda kile kinachoutambulisha wimbo tangu sekunde ya kwanza kilipigwa na Rick Wakeman, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye jalada. Kwa hiyo wimbo unaotambulika zaidi kama wa Cat Stevens una mshairi mwingine, mahadhi ya watu wengine na mpiga kinanda asiyetajwa. Cha Stevens ni sauti, na uamuzi wa kuona kwamba wimbo wa watoto wa kanisani unaweza kusimama kwenye redio karibu na nyimbo za roki. Huo ni ufundi mkubwa, ingawa mrabaha wa utunzi hauutambui.

Mipaka ya utungo imemgusa mara nyingi, kwa pande zote. Mahadhi ya I Love My Dog yalitokana na kipande kiitwacho The Plum Blossom cha Yusef Lateef, mwanajazi Mmarekani aliyekuwa Mwislamu. Stevens alilikiri hilo na kumlipa. Baadaye bendi ya Flaming Lips ilikubali kumgawia mapato ya wimbo wao Fight Test kwa kuwa ulifanana mno na Father and Son.

Aliponyamaza

Katikati ya miaka ya 1970, akiogelea Malibu, California, mkondo ulimvuta hadi akakata tamaa ya kufika ufukweni. Amesimulia mara nyingi kwamba alimwomba Mungu amwokoe naye atamtumikia, na wimbi likaja likamrudisha. Baadaye kaka yake David, aliyekuwa ametembelea Jerusalem, alimpa nakala ya Kurani. Aliisoma polepole, na sura ya Yusuf ndiyo iliyomgusa zaidi: ndugu anayeuzwa, anayefanywa bidhaa sokoni. Mtu ambaye sura yake ilibandikwa kwenye kuta za maduka ya santuri alijiona humo. Mwishoni mwa 1977 alitamka shahada katika msikiti wa Regent's Park, London, na mwaka uliofuata akawa Yusuf Islam. Albamu ya mwisho ya kipindi hicho, Back to Earth, ilitoka 1978. Novemba 1979 aliimba Wembley katika tamasha la UNICEF, na baada ya hapo akaweka gitaa chini. Vyombo vyake vilipigwa mnada, fedha zikaenda kwenye sadaka.

Kwa nini aliacha? Watu wengi wa Magharibi waliandika kana kwamba dini ilimkamata ikamfunga mdomo. Mswahili wa pwani anajua kwamba jambo hili lina tabaka, kwa sababu mjadala wa ala za muziki tumeishi nao. Wapo masheikh wanaoruhusu dufu na kasida na kukataa ala za nyuzi, wapo wanaoruhusu zaidi, na miji ileile ya Zanzibar, Lamu na Mombasa iliyojaa vyuo vya dini ndiyo iliyolea taarabu na udi wake. Yusuf mwenyewe ameeleza kwamba imamu wa London hakumkataza kuendelea mradi nyimbo ziwe na maadili. Wengine walimwambia vingine, naye akachagua kukaa mbali na shaka. Alikuwa na mambo mengine ya kufanya pia: alioa 1979, akapata watoto, na mwaka 1983 akaanzisha shule ya Islamia kaskazini-magharibi mwa London. Mwaka 1998 shule hiyo ikawa ya kwanza ya Kiislamu kupata fedha za serikali nchini Uingereza.

Sasa rudi kwenye masta. Mtu aliacha biashara, lakini biashara haikumwacha. Rekodi hazikuwa zake, hivyo hakuweza kuziondoa sokoni. Mwaka 1984, miaka mitano baada ya kunyamaza, ilitoka Footsteps in the Dark, mkusanyiko wa pili. Nao una thamani yake ya kweli: ndimo Don't Be Shy na If You Want to Sing Out, Sing Out, nyimbo mbili za filamu ya Harold and Maude ya 1971, zilipoingia kwa mara ya kwanza katika albamu ya Cat Stevens. Msanii amekaa msikitini na darasani, na huku soko linamtolea nyimbo "mpya". Mirabaha iliyoendelea kuingia aliielekeza kwenye elimu na misaada. Naona heshima kubwa katika hilo. Hakuweza kuuzuia mto, akachimba mfereji ukamwagilie shamba.

Mwaka 1989 jina lake liliingia katika dhoruba ya mwandishi Salman Rushdie, kutokana na majibu aliyoyatoa hadharani kuhusu fatwa ya Ayatollah Khomeini iliyotaka mwandishi huyo auawe kwa sababu ya riwaya yake. Yeye amesisitiza tangu hapo kwamba hakuunga mkono mauaji na kwamba alieleweka vibaya. Baadhi ya vituo vya redio Marekani viliacha kupiga nyimbo zake, na bendi ya 10,000 Maniacs, iliyokuwa imerekodi Peace Train, ikaiondoa katika albamu yao iliyouzwa huko.

Mwaka huohuo wa 1989 kulitokea jambo la ofisini lililobadilisha sura ya mikusanyiko yake. Kampuni kubwa ya PolyGram, iliyokuwa tayari imeinunua Decca mwaka 1980, iliinunua Island na pia A&M. Ghafla Cat Stevens wa 1967 na yule wa 1971 walikuwa chini ya paa moja. Mwaka 1990 ikatoka The Very Best of Cat Stevens, na humo, kwa mara ya kwanza katika mkusanyiko mkubwa wa namna hii, Matthew and Son, I Love My Dog na The First Cut Is the Deepest vimekaa pamoja na Lady D'Arbanville, Where Do the Children Play? na Peace Train. Ugomvi wa miaka 15 uliisha kwa sahihi za wanasheria, bila msanii kurekodi noti moja.

Gitaa linarudi

Kurudi kwake hakukuwa kwa siku moja. Mwaka 1995 alitoa masimulizi ya maisha ya Mtume Muhammad kupitia kampuni yake ndogo ya Mountain of Light, kisha nyimbo za watu wa Bosnia, kisha A Is for Allah ya watoto mwaka 2000, kazi zilizoegemea zaidi sauti na ngoma. Msikilizaji wa kasida hatahisi ugeni wowote humo. Novemba 2003 alipanda jukwaani Cape Town katika tamasha la 46664 la Nelson Mandela dhidi ya ukimwi, akaimba Wild World. Mwaka 2004 ndege aliyopanda kwenda Washington iligeuzwa njia ikatua Bangor, Maine, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliozuiwa, akarudishwa London. Miezi michache baadaye alipewa tuzo ya amani Rome katika mkutano wa washindi wa Nobel.

Anasimulia kwamba mwanawe alileta gitaa nyumbani, na alfajiri moja baada ya swala, wengine wakiwa wamelala, alilichukua akakuta vidole bado vinakumbuka. Baadaye aliandika kitabu kidogo, Why I Still Carry a Guitar, akieleza msimamo wake kwa Waislamu wenzake na kuwakumbusha mchango wa Waislamu wa Hispania katika historia ya ala hiyo.

Mkusanyiko wa Gold wa 2005 ndio wa kwanza unaonionyesha mtu huyu akiwa hai ndani yake. Ni santuri mbili za nyimbo za zamani, na mwishoni kabisa kuna wimbo mpya, Indian Ocean, aliourekodi kwa ajili ya mayatima wa tsunami ya Desemba 2004 huko Banda Aceh, akisaidiwa na A.R. Rahman wa India. Mawimbi yaleyale yalivuka bahari yakaua watu Somalia na kufika Kenya na Tanzania. Ni mbinu ileile ya Two Fine People, wimbo mpya mmoja nyuma ya nyimbo za zamani, lakini safari hii fedha zilikwenda kwa watoto.

Mwaka 2006 ikaja An Other Cup, albamu kamili baada ya miaka 28, na humo alipakua kipande cha Foreigner Suite, ile kazi iliyoachwa nje mwaka 1975, akakijenga upya kuwa wimbo uitwao Heaven/Where True Love Goes. Mwaka 2017 katika The Laughing Apple, safari hii kwa jina la Yusuf / Cat Stevens, aliwarudisha Samwell-Smith na Alun Davies na kuimba upya nyimbo kadhaa za 1967, zile alizowahi kuvikwa tarumbeta, sasa kwa gitaa na utulivu alioutaka tangu mwanzo. Na albamu hiyo ilitoka chini ya nembo ya Decca. Kwa kuwa tungo ni zake, kuzirekodi upya kulizaa masta mpya, na wimbo uliokuwa wa studio ya kijana wa miaka 19 ukapata mwili wa pili.

Alifanya hivyohivyo mwaka 2020 kwa Tea for the Tillerman nzima. Katika Father and Son ya toleo hilo, mzee wa miaka 70 hivi anaimba maneno ya baba, na anayemjibu ni yeye mwenyewe, kwa sauti iliyonaswa kwenye ukumbi wa Troubadour, Los Angeles, mwaka 1970.

Ukitaka kumsikiliza kwa mara ya kwanza, usianze na Greatest Hits. Chukua ule mkusanyiko wa 1990 ili upate sura zote mbili za ujana wake, kisha sikiliza Mona Bone Jakon na Tea for the Tillerman kwa mpangilio aliouweka mwenyewe, bila kuruka. Halafu tenga dakika 18 kwa Foreigner Suite, kwa spika nzuri kama unazo, na baada yake weka Heaven/Where True Love Goes. Kati ya rekodi hizo mbili kuna miaka 33.